Agano na Kiapo: Mateso ya Wapresbiteri wa Uskoti, 1660–1688

Kila mwalimu wa Kiswahili hufika siku akawafundisha wanafunzi wake kauli za vitenzi. Huwaonyesha kuwa kutokana na kitenzi agana, ambacho kimo katika kauli ya kutendana, twapata jina agano. Nao wawili wasipokubaliana, hapana agano. Huwaonyesha pia kuwa kitenzi apa chaweza kutiwa katika kauli ya kutendesha kikawa apisha, na hapo huwa yuko mmoja anayeamuru na mwingine anayetamka. Tofauti hiyo yaonekana ndogo ubaoni. Katika historia ya mataifa imegharimu maisha ya watu wengi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za Wapresbiteri wa nchi ya Uskoti katika karne ya 17, ambao waliteswa na serikali yao wenyewe, iliyokuwa ya Kikristo na ya Kiprotestanti kama wao. Tutaona jinsi ugomvi uliohusu uongozi wa kanisa ulivyogeuka hatua kwa hatua kuwa ugomvi juu ya maneno ambayo raia alilazimishwa kuyatamka, na mwishowe hata kunyamaza kwenyewe kukawa hatia ya kifo.

Chanzo cha Ugomvi

Neno presbiteri lina asili ya Kiyunani, na maana yake ni mzee. Kanisa la Kipresbiteri ni lile linaloongozwa na mabaraza ya wachungaji na wazee, bila ya kuwa na maaskofu. Makanisa ya namna hii tunayo hata katika nchi zetu, kama vile Kenya na Rwanda. Lile la Kenya lilitokana na misheni ya Waskoti iliyoanza huko Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Kwa hiyo cheo cha mzee wa kanisa si kigeni masikioni mwa wasomaji wetu.

Uskoti iliacha utii kwa Papa mwaka 1560, na mhubiri John Knox alikuwa miongoni mwa viongozi wa mageuzi hayo. Tangu wakati huo Waskoti wengi walishikilia kwamba kichwa cha kanisa ni Kristo peke yake, wala si mfalme. Wafalme hawakuipenda itikadi hiyo. Askofu huteuliwa na mfalme na huweza kuamriwa naye. Baraza la wazee halina mtu mmoja wa kuamriwa. Mwaka 1603 James wa Sita wa Uskoti alirithi pia kiti cha Uingereza, akahamia London. Kule aliwakuta maaskofu wanaomtii, akazidi kutamani hali hiyo iwe kote.

Mwanawe, Charles wa Kwanza, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1637 aliamuru kitabu kipya cha sala kitumiwe katika makanisa yote ya Uskoti, bila ya kulishauri Bunge wala Baraza Kuu la kanisa. Siku ya tarehe 23 Julai, kiliposomwa kwa mara ya kwanza katika kanisa la St Giles mjini Edinburgh, zilizuka ghasia. Mapokeo yasema kuwa mwanamke mmoja, Jenny Geddes, alimrushia msomaji kigoda alichokalia.

Februari 1638 watu wakakusanyika katika kanisa la Greyfriars, Edinburgh, wakatia saini hati iliyoitwa Agano la Taifa. Waliitunga Alexander Henderson, mchungaji, na Archibald Johnston wa Wariston, mwanasheria. Ndani yake waliahidi kuitetea dini yao na pia kumtetea mfalme wao. Kwa sababu ya hati hiyo waliitwa Wanaagano. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Baraza Kuu lilikutana Glasgow, likawaondoa maaskofu wote.

Hapa yatupasa tuseme kweli yote. Agano hilo lilianza kwa hiari ya wengi, lakini halikudumu hivyo. Wanaagano walipopata madaraka waliifanya saini kuwa sharti kwa mujibu wa sheria, na asiyetaka kutia saini aliadhibiwa. Katika vita vya miaka ya 1640 majeshi yao yaliwaua mateka, na wanawake waliofuatana na jeshi la adui, baada ya pigano la Philiphaugh mwaka 1645. Kutendana kulikuwa kumekwisha kugeuka kuwa kutendeshana. Walioshika upanga huo kwanza ndio waliokuja kukatwa nao.

Mfalme Aliyeapa na Kukana

Mwaka 1649 Waingereza walimkata kichwa Charles wa Kwanza. Waskoti hawakuridhika na tendo hilo. Walimtangaza mwanawe, Charles wa Pili, kuwa mfalme, kwa sharti kwamba naye aape kulishika Agano. Kijana yule alikubali. Aliapa mwaka 1650, akaapa tena siku ya kutawazwa kwake huko Scone, tarehe 1 Januari 1651. Hakuwa na njia nyingine ya kupata taji. Je, kiapo cha namna hiyo kilikuwa agano, au kilikuwa ni kuapishwa? Mwaka huo huo jeshi la Cromwell lilimshinda, akakimbilia ng'ambo.

Mwaka 1660 ufalme ulirejeshwa, na Charles akarudi. Hakuwa na haja tena ya wale waliomwapisha. Mwaka 1661 Bunge la Uskoti lilizifuta sheria zote zilizopitishwa na mabunge ya wakati wa Agano, na kulirudisha kanisa katika hali ya mwaka 1633. Marquis wa Argyll, kabaila aliyemvisha mfalme taji kwa mikono yake kule Scone, alikatwa kichwa mwezi wa Mei. Mchungaji James Guthrie alinyongwa siku chache baadaye. James Sharp, mchungaji aliyetumwa London kuwatetea Wapresbiteri, alirudi akiwa Askofu Mkuu wa St Andrews. Mwaka 1662 Agano likatangazwa kuwa haramu, na kila mwenye cheo serikalini akatakiwa kulikana kwa maandishi.

Sheria Zilizofuatana

Mateso hayakuanza kwa risasi. Yalianza kwa karatasi. Kwanza, mwaka 1662, kila mchungaji aliyepata kazi tangu mwaka 1649 aliamriwa akaombe upya idhini ya kabaila wa mahali pake na ya askofu. Wachungaji wapatao 270, zaidi ya robo ya wote, walikataa, wakafukuzwa katika makanisa na nyumba zao. Wengi wao walikuwa wa mikoa ya kusini-magharibi, ambako nyadhifa zao walipewa vijana wasiojulikana na watu.

Watu wakaanza kuwafuata wachungaji wao wa zamani majumbani na mabondeni. Serikali ikajibu mwaka 1663 kwa sheria ya faini: mwenye ardhi asiyehudhuria kanisa la parokia yake alipoteza robo ya pato lake la mwaka, na mpangaji alipoteza robo ya mali yake. Askari walitumwa kukusanya faini hizo. Walipiga kambi majumbani mwa watu, wakala na kulala kwa gharama ya wenye nyumba mpaka deni liishe, nalo halikuisha upesi.

Mwezi wa Novemba 1666, katika kijiji cha Dalry, kikundi kidogo cha wanakijiji kiliwapokonya silaha askari waliokuwa wakimtesa mzee mmoja kwa ajili ya faini. Jambo hilo likawaka kama moto wa makuti. Walimkamata kamanda wa askari hao, Sir James Turner, mjini Dumfries, kisha wakaelekea Edinburgh wapeleke malalamiko yao. Walikuwa hawafiki elfu moja walipokutana na jeshi la Jenerali Thomas Dalyell huko Rullion Green, tarehe 28 Novemba, wakavunjwavunjwa. Zaidi ya watu thelathini walinyongwa. Miongoni mwao alikuwamo Hugh McKail, mhubiri kijana, ambaye kwanza mguu wake ulitiwa katika kiatu cha chuma na kupigiliwa kabari mpaka ukapondeka, ili ataje njama. Hakuwa na njama ya kutaja.

Serikali ilijaribu pia upole. Mwaka 1669 na mwaka 1672 ilitoa ruhusa kwa baadhi ya wachungaji kurudi makanisani kwa masharti. Wengine walikubali na wengine wakakataa, na tangu hapo Wapresbiteri wenyewe waligawanyika. Lakini katikati ya ruhusa hizo mbili, mwaka 1670, ilipitishwa sheria kwamba anayehubiri katika mkutano wa nje, yaani shambani au mlimani, adhabu yake ni kifo. Kisiwa cha Bass Rock, jabali lililo baharini mashariki ya Edinburgh, kilifanywa gereza la wahubiri. Alexander Peden alifungwa humo kuanzia mwaka 1673. Kabla ya hapo alikuwa akitembea huku amevaa kinyago cha ngozi chenye nywele ili asitambulikane, na kinyago kinachosemekana kuwa chake kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa huko Edinburgh. John Blackadder alifia kwenye jabali hilo mapema mwaka 1686.

Damu Yajibu Damu

Si haki kuieleza habari hii kana kwamba upande mmoja tu ulikuwa na silaha. Waliohudhuria ibada za mlimani walianza kuja na bunduki, na walinzi wakasimama juu ya vilima. Tarehe 3 Mei 1679 kikundi cha Wanaagano kilimkuta Askofu Mkuu Sharp akisafiri garini pamoja na binti yake katika uwanda wa Magus Muir, kikamwua mbele ya macho ya binti huyo. Serikali iliona kuwa hofu yake imethibitika: kumbukumbu za vita vya wenyewe kwa wenyewe zilikuwa bado mbichi, na mfalme alikuwa mtoto wa mtu aliyekatwa kichwa na raia zake.

Tarehe 1 Juni 1679 Wanaagano walilishinda kundi la askari wa farasi la John Graham wa Claverhouse huko Drumclog. Walishindwa kuutumia ushindi wao. Kambini walibishana juu ya nani anafaa kupigana pamoja nao na nani amejitia unajisi kwa kukubali ruhusa ya mfalme, hata Duke wa Monmouth alipofika kwenye daraja la Bothwell tarehe 22 Juni, wakatawanywa kwa muda mfupi.

Mateka wapatao 1,200 walipelekwa Edinburgh wakawekwa uani karibu na kanisa la Greyfriars, mahali pale pale Agano lilipotiwa saini miaka 41 nyuma. Wengi wao walikaa nje, hawana paa. Aliyetia saini ahadi ya kutochukua tena silaha dhidi ya mfalme aliachiliwa. Waliobaki, wapatao 250, walipakiwa mwezi wa Novemba katika jahazi kubwa liitwalo Crown of London ili wapelekwe utumwani katika makoloni ya Marekani. Tarehe 10 Desemba 1679 dhoruba ililivunja jahazi hilo kwenye miamba ya Deerness, katika visiwa vya Orkney. Milango ya ngama ilikuwa imefungwa. Zaidi ya watu mia mbili walizama humo.

Kiapo cha Mwaka 1681

Tangu hapo serikali haikutosheka na matendo ya watu. Ilitaka kujua yaliyomo mioyoni. Wahenga wetu walisema kuwa moyo wa mwenzio ni msitu wa usiku wa giza. Watawala wa Uskoti waliamua kuingia katika msitu huo na mienge.

Isabel Alison na Marion Harvie, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, hawakuwa wamepigana vita vyovyote. Walipoletwa mbele ya Baraza la Mfalme waliulizwa wana maoni gani juu ya kifo cha Askofu Mkuu, na kama wanalikubali Azimio la Sanquhar, ambalo mhubiri Richard Cameron na wenzake walilitangaza mwezi wa Juni 1680 wakimkana mfalme. Walijibu waziwazi. Majibu yao ndiyo yaliyokuwa ushahidi pekee, wakanyongwa Edinburgh tarehe 26 Januari 1681.

Mwaka huo huo Bunge lilitunga kiapo kipya kwa kila mwenye cheo. Kiapo hiki kilimtaka mtu ashike Ungamo la Imani la mwaka 1560, ambalo lasema kuwa kichwa cha kanisa ni Kristo pekee. Kisha kikamtaka akubali kuwa mfalme ni mkuu katika mambo yote, hata ya kanisa. Maneno haya mawili hayakai nyumba moja. Hata baadhi ya wachungaji waliokubali kuwa chini ya maaskofu walikataa kuapa. James Dalrymple wa Stair, hakimu mkuu wa nchi aliyetoa kitabu chake mashuhuri cha sheria za Uskoti mwaka huo huo, aliacha cheo chake na baadaye akakimbilia Uholanzi.

Kisa cha Earl wa Argyll, mwana wa yule aliyeuawa mwaka 1661, chafaa kuzingatiwa na kila mpenda lugha. Alikubali kuapa, lakini akaongeza maneno machache: kwamba anaapa kwa kadiri kiapo hicho kinavyopatana na chenyewe na dini ya Kiprotestanti. Kwa maneno hayo alishtakiwa, akahukumiwa kufa kwa uhaini. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Alitoroka katika ngome ya Edinburgh mwezi wa Desemba 1681, akijifanya mtumishi aliyeshika pindo la nguo ya binti wa mkewe. Miaka minne baadaye aliongoza uasi, akakamatwa. Naye hakuhukumiwa kwa uasi huo, bali alikatwa kichwa tarehe 30 Juni 1685 kwa hukumu ile ile ya zamani, ya kuongeza maneno katika kiapo.

Kimya Kinapokuwa Hatia

Mwezi wa Novemba 1684 wafuasi wa mhubiri kijana James Renwick walibandika milangoni mwa makanisa tangazo la kuwaonya wapelelezi na askari kuwa wataadhibiwa kama maadui. Muda mfupi baadaye askari wawili waliuawa. Tarehe 22 Novemba Baraza la Mfalme likatoa amri: yeyote anayelikubali tangazo hilo, au asiyetaka kulikana kwa kiapo, auawe papo hapo mbele ya mashahidi wawili, awe na silaha au asiwe nayo. Katika mikoa ya kusini watu wa zaidi ya umri wa miaka 16 walitakiwa kuapa na kutembea na hati ya kuonyesha kuwa wameapa.

Na tuitazame vyema amri hiyo. Si lazima mtu awe ametenda. Si lazima hata awe amesema. Inatosha kuwa amekataa kusema. Kipindi hicho Waskoti wamekiita Wakati wa Mauaji.

Tarehe 1 Mei 1685 John Brown, mchukuzi wa mizigo wa Priesthill, alipigwa risasi karibu na nyumba yake. Mapokeo yasema Claverhouse mwenyewe ndiye aliyempiga mbele ya mkewe. Barua ya Claverhouse, aliyoiandika siku mbili baadaye, yasema kuwa ndani ya nyumba zilionekana risasi na karatasi za uhaini, kuwa mtu huyo alikataa kuapa, na kuwa aliamuru apigwe. Tofauti hizo zazingatiwa na wanahistoria. Lakini juu ya jambo lililo kubwa, kwamba aliuawa bila ya kesi kwa kukataa kiapo, mapokeo na barua vyakubaliana.

Siku kumi baadaye, huko Wigtown, Margaret McLachlan, bibi mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, na Margaret Wilson, msichana wa miaka 18, walifungwa kwenye nguzo pwani ili maji yajaapo yawafunike. Wote wawili walikuwa wamekataa kiapo. Mdogo wake Margaret Wilson, Agnes, aliokolewa na baba yao kwa dhamana ya paundi 100. Katika kumbukumbu za Baraza la Mfalme kuna amri ya tarehe 30 Aprili ya kuahirisha adhabu yao, na kwa sababu hiyo mwandishi mmoja wa karne ya 19 alidai kuwa hawakuuawa kamwe. Hata hivyo, kumbukumbu za wazee wa kanisa za parokia mbili, Penninghame na Kirkinner, zilizoandikwa mwaka 1711 wakati walioshuhudia wakiwa bado hai, zasimulia kifo chao. Huu ni mfano mzuri wa kuwafundishia wanafunzi wetu kwamba amri iliyoandikwa mjini haithibitishi kuwa ilifika kijijini.

Katika majira hayo hayo wafungwa 167, wanaume kwa wanawake, walirundikwa katika chumba kimoja cha ngome ya Dunnottar juu ya bahari. Renwick mwenyewe alinyongwa tarehe 17 Februari 1688, akiwa amefikisha miaka 26. Alikuwa wa mwisho kunyongwa hadharani kwa ajili ya Agano. Mwishoni mwa mwaka huo Mfalme James wa Saba, aliyemrithi Charles mwaka 1685, alikimbilia Ufaransa, na William wa Orange akashika dola. Maaskofu waliondolewa mwaka 1689, na mwaka 1690 kanisa la Kipresbiteri likawa kanisa la taifa.

Baada ya Ushindi

Kama tungeishia hapo, habari hii ingekuwa hadithi ya watoto, ambamo wema hushinda na wabaya hukimbia. Walioteswa walipopata nguvu, mamia ya wachungaji wa upande wa maaskofu walifukuzwa katika nyumba zao, wengine katikati ya baridi kali. Tarehe 8 Januari 1697 Thomas Aikenhead, mwanafunzi wa miaka 20, alinyongwa Edinburgh kwa maneno ya kufuru aliyowaambia wenzake. Baraza Kuu la kanisa lilikuwa likikutana mjini humo. Halikumwombea msamaha; liliomba sheria dhidi ya kufuru zitekelezwe kwa nguvu. Wajukuu wa Greyfriars walikuwa wamesahau upesi uchungu wa kuhukumiwa kwa neno.

Mwaka 1721 na 1722 Robert Wodrow alichapisha historia ndefu ya mateso hayo. Hesabu ya watu 18,000 walioumizwa kwa njia moja au nyingine imerudiwa mara nyingi, lakini waliouawa ambao majina yao yaweza kuthibitishwa ni wachache kuliko hao kwa mbali. Robert Paterson, mwashi aliyefariki mwaka 1801, alitumia miaka mingi ya uzee wake akizunguka na nyundo na patasi katika makaburi ya kusini mwa Uskoti, akichonga upya maandishi ya mawe yaliyoanza kufutika. Walter Scott alimfanya chanzo cha riwaya yake ya mwaka 1816.

Walimu wenzetu, tunaposomesha maneno agano, kiapo, ungamo na dhamiri, yafaa tukumbuke kuwa si msamiati wa mtihani tu. Serikali ya Charles wa Pili ilikuwa na askari, magereza na majahazi, na vyote hivyo ikavitumia kupata sentensi moja kutoka kinywani mwa mchukuzi wa mizigo na msichana wa kijijini. Ilipoipata, haikujua bado kama ni ya kweli, kwa maana aliyeapishwa kwa hofu ya kifo hajasema neno lake bali la aliyemwapisha. Ilipoikosa, iliua. Kwa njia zote mbili moyo ulibaki msitu. Agano haliwezi kupatikana kwa kauli ya kutendesha, na hilo Wanaagano wenyewe hawakulielewa walipokuwa na nguvu, wala wafalme hawakulielewa baada yao.